Mlango Mdogo wa Shaba

Jirani yangu Fundi alikuwa mtu wa kungoja. Hakungoja watu, watu aliwafokea hata wakichelewa kumpitishia spana. Alichokingoja ni injini. Asubuhi, baada ya sala yake ya alfajiri, alifungua boneti ya pikapu yake, akawasha, kisha akaweka kiganja juu ya bomba nene la mpira linalotoka kwenye injini kwenda kwenye radieta, akasimama hivyo bila kusema. Hapo ungeweza kumwambia nyumba yake inaungua. Angekujibu neno moja tu: “Ngoya.”

Nilimwona kupitia ua wa matete uliotenganisha uwanja wake na jiko langu, pale Bungulu, mjini Beni, mashariki mwa Kongo. Kuna miaka nilimtazama kwa moyo mweupe, kama mtu anavyomtazama jirani mwema. Kuna miaka mingi zaidi nilimtazama kwa chuki. Halafu hata chuki ikapoteza chumvi, nikawa namtazama tu kwa sababu jiko langu lilielekea kule. Jina lake alikuwa nalo, lakini mtaa mzima ulimwita Fundi, na mke wake pia alimwita Fundi, kwa hiyo nami nitamwacha hivyo.

Siku za mwanzo, nilipokuwa bado na maneno ya kuchekesha, nilimtania kupitia matete: “Fundi, leo mugonjwa iko na homa?”

Hakuudhika. Aliuliza, mkono ukiwa bado juu ya bomba: “Mama Masika, weye unapikaka. Asubuhi kukiwa baridi, mulango ya jiko unafunga ao unafungula?”

“Ninafunga.”

“Na moto ikikuwa mingi, moshi inakuingia mu macho?”

“Ninafungula.”

“Njo ile. Mu moteri kuko mulango moya kidogo. Mayi ikikuwa baridi, inajifunga, mayi inazunguka pale pale mpaka inapata moto. Ikishapata moto inajifungula, mayi inaenda mu radiatere kupola. Hapana mutu anaifungulaka. Inajifungula yenyewe.”

Ndipo nikajua ile kazi ya mkono. Mlango ukiwa umefungwa, bomba la juu linabaki baridi. Mlango ukifunguka, maji ya moto yanakuja kwa ghafla na kiganja kinajua. Fundi alikuwa akisubiri kufunguliwa, na akifunguliwa alitabasamu, akafunga boneti, akaanza kufokea watu. Kile kidude chenyewe, ambacho madereva wetu wanakiita termosta, nilikiona baadaye. Ni kitu cha shaba kinachotosha kwenye kiganja, kina springi upande mmoja na kifuniko katikati. Ukikiokota barabarani utadhani ni mfuniko wa chupa ya mzungu.

Pikapu aliipata wakati wa uhuru. Mzungu mmoja mwenye shamba la kahawa alikuwa anaondoka kwa haraka, na alimwachia Fundi gari badala ya mishahara yake. Lilikuwa zee tayari, rangi imebaki kwenye milango tu. Fundi alilifanya kuwa kazi. Alipandisha mafuta ya mawese na mchele Butembo, akashusha maharagwe, vitunguu na viazi Beni, na siku asizosafiri alitengeneza magari ya wengine chini ya kibanda cha mabati.

Ni safari hiyo ya kupanda na kushuka iliyomgombanisha na kila dereva. Beni ni chini, kuna joto. Madereva wa Beni walikuwa na desturi yao: gari likichemka mara moja, wanang'oa termosta na kuitupa porini, wanasema gari la nchi ya joto halihitaji mlango. Ni kweli halichemki tena upesi. Lakini ukilipeleka Butembo, kule juu ambako asubuhi watu wanaongea huku midomo ikitoa moshi, gari lisilo na termosta linakohoa, linakunywa petroli kama mlevi, na halipati joto mpaka jua likae utosini. Fundi hakuvumilia jambo hilo. Aliona ni uvivu wa kufikiri.

Nilikuwepo siku mfanyabiashara mmoja wa Butembo, Mwislamu mwenzake aliyepakia chumvi na vitambaa, alipomletea lori lake. Alishuka na kusema, “Toa ile kintu, Fundi. Ba-chauffeur bote banatoa.”

“Bote batakufa pia. Utakufa nabo leo?”

“Lakini inachemusha moteri!”

“Kama muzamu alilala siku moya, mwizi akaingia, unamufukuza ao unatafuta muzamu mwengine?” Muzamu ni mlinzi wa nyumba. “Miye nitakutilia ingine. Kama haupendi, enda.”

Tajiri alikwenda, akazunguka mji, akarudi. Watu wa mtaa walimwimbia Fundi kwamba mkaidi hafaidi mpaka siku ya Idi, naye aliwajibu kwamba Idi anaijua kuliko wao. Kubadilisha termosta alikufanya kama ibada ya pili. Kwanza aliacha injini ipoe, hata kama mwenye gari alikuwa akilia kwa haraka. Alimwaga maji ndani ya beseni mpaka yakashuka chini ya lile bomba, akafungua boliti, akainua kifuniko. Karatasi ya zamani iliyoziba katikati ya vyuma aliikwangua kwa kisu, ambacho mara nyingi kilikuwa changu, na mpya aliikata kutoka katoni ya sabuni, akaipaka mafuta mazito. Springi lazima iangalie injini. “Juu moteri njo yenye homa,” alisema, yaani kwa sababu injini ndiyo yenye homa. Walioiweka kinyumenyume aliwaita majina ambayo mtu mwenye tasbihi mfukoni hapaswi kuyajua.

Hilo lilikuwa moja kati ya mambo yake yasiyopatana. Hakukosa sala hata moja, na hakukosa tusi hata moja. Injini aliivumilia kwa subira ya Ayubu, lakini mke wake akichelewesha chai alivaa kofia na kwenda kunywa kwangu. Alikuwa na kifua kama mlango wa kanisa, na aliogopa kuku. Sisemi mzaha. Kuku akiingia kwenye kibanda, Fundi alipanda juu ya gari akaniita nije nimtoe, na mimi nilikuja, kwa sababu wakati ule tulikuwa majirani kweli. Mume wangu alicheka mpaka akajishika mbavu. Wao wawili walipendana. Jumapili tukitoka kanisani, mume wangu alivua koti lake, akaingia kwenye kibanda cha Fundi kumshikia taa na vyuma, ingawa kazi yake ilikuwa kupima kahawa dukani na hakujua gari zaidi ya kupanda.

Fundi hakumwamini mtu aliyemwuzia termosta, hata ikiwa bado ndani ya boksi lake. Aliipima. Mke wake alikataa vyuma kwenye masufuria yake, kwa hiyo alikuja na kidude kwenye jiko langu, na sufuria yangu moja iliyokatika mkono ikawa sufuria ya termosta mpaka leo. Alifunga uzi, akaining'iniza kwenye kijiti ndani ya maji ili isiguse chini. “Chini ya sufuria kuko bongo,” alisema, yaani uongo, maana pale chuma kinapata moto kabla ya maji, na kinakudanganya. Kisha tulichuchumaa kutazama. Maji yanaanza kuimba, mlango umefungwa. Maji yanatoa povu dogo pembeni, bado. Halafu polepole kifuniko kinajisogeza na unaona nafasi nyeusi kama jicho linalofumbuka. Nilizaa watoto, nimeona mambo, lakini nakiri kwamba lile lilinipendeza kila mara.

“Imekubali,” alisema Fundi, akaitoa na kwenda nayo. Isiyofunguka aliitupa shimoni bila kujali imetoka kwa nani. Mteja aliambiwa ukweli hata kama ukweli ulimharibia Fundi kazi. Kama kosa lilikuwa lake alilisema kwa sauti ileile aliyotumia kusema kosa la mwingine. Ndiyo maana baadaye, aliponyamaza, watu waliona kunyamaza kwake ni kukubali.

Kuna kitu kimoja alikichukia kuliko kuku. Radieta ikitoboka na huna mtu wa kuichomea, madereva wetu wana dawa yao: wanatia konzi ya unga wa muhogo ndani ya maji. Maji yakipata moto unga unapikika, unakwenda kwenye tundu na kuliziba. Inafanya kazi. Unaweza kufika Butembo na kurudi. Lakini unga haujui tundu ni lipi na njia ni ipi. Unapika ugali kila mahali, na ugali ukikauka kwenye termosta unakuwa ukoko, na mlango haufunguki tena.

Miaka kadhaa baada ya uasi uliotukimbiza Beni, dereva mmoja alileta gari lililochemka. Fundi alifungua, akainua kile kidude, kimejaa uji wa kijivu. Nilikuwa naanika nguo. Nilimwona akikaa chini, palepale kwenye vumbi lenye mafuta, akafunika uso kwa mikono yake michafu. Kisha aliinuka na kumkimbiza yule dereva na spana mpaka sokoni, akipiga kelele, “Bunga ni ya kula! Bunga ni ya kula!” Soko zima lilicheka. Nami nilicheka, na nakumbuka kwa sababu ilikuwa mara ya kwanza tangu nifiwe, na mashavu yaliniuma kama viungo visivyotumika. Tulisema Fundi ameanza kuzeeka vibaya.

Sasa niseme jinsi nilivyofiwa.

Uhuru ulikuwa bado mtoto wakati habari za waasi zilipofika Beni. Kwanza zilikuja na wapita njia, halafu na milio ya risasi. Asubuhi ile watu walikuwa wanaondoka kwa miguu, na Fundi alitwambia tujiandae: angetuchukua mimi, mume wangu na watoto wetu mpaka Butembo. Mke wake na binti yake walikuwa wamekwishatangulia huko. Pikapu ilikuwa kwenye uwanja na yeye alikwenda kutafuta petroli. Tulivaa nguo zetu nzuri, maana ukikimbia, nguo unayoiacha nyumbani umeitupa. Mume wangu alivaa suti yake ya kanisani na tai. Nilikuwa nafunga vyombo alipokuja jikoni kuniomba bakuli la unga wa muhogo. Nilimpa, nikidhani anapakia chakula cha njiani. Alipomsaidia mtoto wa mwisho kupanda nilimpangusa vumbi jeupe kwenye mkono wa koti, nikamwambia hata kwenye vita mtu anaweza kuwa msafi.

Fundi alirudi anakimbia, debe mkononi. Milio ilikuwa imekaribia. Alimimina, akawasha, akaondoa gari. Siku ile tu, katika siku zote nilizomjua, hakuweka mkono juu ya bomba.

Tulipita vizuri tambarare yote. Mlima ulipoanza, gari likaanza kunung'unika, kisha mvuke ukatoka pembeni mwa boneti, kisha likasimama. Fundi alishuka. Alisema tungoje lipoe. Tulingoja kando ya barabara, migomba upande mmoja na bonde upande mwingine, na wale watu wakatoka kwenye migomba. Walikuwa na bunduki na mikuki na majani vichwani. Walitazama suti ya mume wangu. Mmoja alishika tai yake, akaivuta taratibu kama mtu anayepima kitambaa.

“Huyu ni mutu ya État, ya serikali.”

“Hapana,” mume wangu alisema. “Miye napimaka kahawa tu. Batoto bangu ni hawa.”

Walimkalisha chini. Fundi walimtazama mikono, wakaona mafuta, wakamwambia atengeneze gari. Hata wao aliwaambia, “Ngoya, mayi inachemuka,” na mdomo wa bunduki ulikuwa shingoni mwake. Walingoja. Kisha alifungua boliti, akatoa termosta. Aliitazama. Alimtazama mume wangu pale chini, na mume wangu aliinamisha kichwa. Fundi akaitia mfukoni, akafunga kifuniko bila mlango ndani, akajaza maji ya mtoni. Gari liliwaka mara moja. Wakampandisha mume wangu nyuma, wakaondoka nalo. Kitu cha mwisho nilichokiona ni tai, ilikuwa imegeukia mgongoni. Hakuna aliyerudi, mtu wala gari.

Tulipanda mpaka Butembo kwa miguu, Fundi amembeba mtoto wangu wa mwisho mabegani. Sikulia. Watu wa kanisa waliotupokea walinitazama usoni wakingoja nilie, nikawaonea huruma kwa kungoja bure. Mwili wangu wote ulikuwa umekufa ganzi, kama mguu uliokaliwa. Nilikula nikipewa, nilioga nikiambiwa. Baridi ya Butembo ilikuwa inawatetemesha wenzangu, mimi sikuisikia.

Tuliporudi Beni, mji ulikuwa umeshaamua. Madereva waliokuwa wametupa termosta zao walifika salama, wote, na yule mkaidi mwenye mlango wake wa shaba ndiye ambaye gari lake lilichemka. Lisemwalo lipo, walisema. Nami nilisema. Nililisema sokoni, nililisema kwa mama wa kanisa, na nililisema mbele ya watoto wangu: kichwa kigumu cha Fundi ndicho kilichomwua baba yenu, na mikono yake ndiyo iliyotengeneza gari lililomchukua. Fundi alikuwa upande wa pili wa matete. Matete hayazibi sauti.

Hakujibu kamwe. Aliendelea kuwa fundi, bila gari lake, akitengeneza ya wengine. Aliendelea kutia termosta, na watu waliendelea kumcheka, sasa kwa ubaya. Hakuja tena kupima jikoni kwangu. Sufuria isiyo na mkono nilimtupia juu ya ua. Kila Idi alileta nyama, akaiweka kwenye kizingiti, akaondoka. Kila Krismasi sikumpelekea kitu. Paa langu lilipovuja nilikuta mtu amelipanda na kuziba nilipokuwa sokoni. Nilijua ni nani na sikusema wasingya, asante ya Kinande, wala asante ya lugha nyingine yoyote. Tulisalimiana kwa kuinua kidevu. Mtu anaweza kuishi hivyo muda mrefu sana. Watoto walikua, Masika akaolewa, na asubuhi bado nilisikia injini ya mtu fulani ikinguruma kule ng'ambo, na ile sauti: “Ngoya.”

Mke wake alipofariki, alihamia Mavivi kwa binti yake, karibu na uwanja wa ndege. Kibanda kilianguka chenyewe. Niliukuta ukimya wa asubuhi umekuwa mkubwa kuliko nilivyotarajia, na hilo liliniudhi.

Juzijuzi, mama mmoja wa kanisani aliniambia Fundi kifua chake kimebana na hatoki nyumbani tena. Nilipanda pikipiki kwenda Mavivi. Sikwenda kwa upendo. Nilikwenda kwa sababu mtu akifa anaondoka na majibu yake, na mimi nilikuwa na swali moja nililolibeba uzee wangu wote: je, alijua kile kidude chake ni kibovu, akatupandisha mlimani nacho kwa ukaidi tu?

Nilimkuta amekaa kwenye kiti barazani, kile kifua chote kimekwenda sijui wapi. Kuku walikuwa wanadonoa karibu na miguu yake na hakuwa na nguvu ya kuwaogopa. Binti yake alikuwa akichagua vyuma vya zamani juu ya gunia, vya kutupa na vya kumpa fundi mwingine. Tulisalimiana.

“Wabukire, Fundi.”

“Mama Masika. Umezeeka.”

“Na weye unajiona mutoto?”

Alicheka, akakohoa. Binti yake alifungua kitambaa kimoja kidogo kilichofungwa fundo, akauliza, “Na hii, papa?” Ilikuwa termosta, nyeusi, imeshikana na uchafu wa zamani. Fundi alinyoosha mkono kuichukua. Nilijua kabla ya kuuliza.

“Njo ile?”

“Njo ile.”

“Ulishaipima?”

“Hapana.”

“Termosta ya batu bote unapimaka. Hii, hapana?”

“Hii, hapana.”

Nilimwomba binti yake sufuria na jiko la makaa. Alileta ile isiyo na mkono. Walikuwa nayo bado. Fundi alisema, “Mama Masika, acha,” na ilikuwa mara ya kwanza katika maisha yangu kumsikia akibembeleza. Sikuacha. Nilifunga uzi, nikaining'iniza kwenye kijiti, isiguse chini. Nilikuwa nayajua hayo yote vizuri kuliko nilivyodhani.

Nitasema ukweli: nilitaka ikatae. Nilitaka ikae imefungwa mpaka maji yakauke, nimwonyeshe, nimwambie tazama, kisha nirudi nyumbani. Maji yakaanza kuimba, mlango umefungwa. Povu likatoka pembeni, bado. Nikahisi kitu kinachofanana na furaha. Halafu vipande vidogo vikaanza kubanduka na kuelea. Nilidhani ni kutu, lakini kutu ni nyekundu na hivi vilikuwa vya kijivu, vinalainika pembezoni na kuwa vyeupe. Nilikiteka kimoja kwa kijiko, nikakisugua kati ya vidole. Nimekwangua masufuria tangu nikiwa msichana. Hakuna mtu wa kunifundisha ukoko wa muhogo.

Ndani ya maji, mlango mdogo wa shaba ulijisogeza, polepole, ukafunguka wote. Ulikuwa mzima. Ulikuwa mzima siku zote.

Nilikaa nikishika kile kijiko. Niliona bakuli nililompa jikoni. Niliona mkono wa koti la suti na vumbi jeupe nililolipangusa. Mume wangu aliona maji yanadondoka chini ya pikapu, mwenye gari hayupo, milio inakaribia, watoto wake wanapanda. Akafanya alichowaona madereva wakifanya. Alitaka tufike.

“Ulijua,” nilimwambia Fundi.

“Pale pale mu njia. Nilifungula, nikakuta bugali.”

“Na bwana yangu alijua kama umejua.”

“Aliniangalia.”

“Beni muzima balisema ni weye. Miye nilisema. Mbele ya batoto.”

“Nilisikia.”

“Sasa juu ya nini ulinyamaza?”

Ndege ilipita juu yetu ikishuka, na alingoja imalize. Kisha alisema, bila hasira, kwa sauti ileile aliyotumia kumwambia mteja ubovu wa gari lake: “Kama ningesema, ungekasirikia nani?”

Nilijaribu, palepale, kumkasirikia mume wangu, na nikamwona na tai yake shingoni. Nilijaribu kujikasirikia mimi, unga, madereva, wale watu wa kwenye migomba. Hakuna hasira iliyokuja. Hasira yote ya maisha yangu ilikuwa imekaa kwa mtu huyu mzee na alikuwa ameihifadhi kama alivyohifadhi kile kidude mfukoni. Niliona aibu, na niliona huzuni, ile ambayo watu wa Butembo waliingoja usoni mwangu wakachoka. Ilikuwa imefika sasa, na sikujua niiweke wapi.

Binti yake hakujua tulichokuwa tunazungumza. Alikuwa amekwishabandika sufuria nyingine ya chakula, akaniletea ungo wenye unga wa muhogo, kama inavyofaa kwa mgeni mwanamke aliye kama mama. “Mama, utatusongea bugali? Papa anapenda ya mukono yenu.”

Niliinama, nikatia mkono ndani ya unga, kama kila siku ya maisha yangu. Ulikuwa baridi na laini. Mkono ulizama mpaka kifundoni na ukakataa kutoka. Machozi yalikuwa yakidondoka ndani ya ungo na sikuweza kuyafuta, kwa kuwa mkono mwingine ulikuwa umeshika ungo.

“Mama,” binti yake alisema, “mayi inachemuka.”

Fundi, ambaye hakuwahi kungoja mtu, aliinua kiganja chake.

“Ngoya,” alimwambia.